Fundi Emebet na kasi iliyopotea kila baada ya kahawa

Saa mbili na robo asubuhi, Addis Ababa bado inapiga miayo kwa baridi, na Emebet Woldeyes amepiga magoti mbele ya kabati la seva, tochi mdomoni, kofia ya sufu kichwani. Chumba kinanguruma. Kiyoyozi kinampulizia shingoni kama kina ugomvi naye.

Anaingiza ncha ya waya wa faiba kwenye kifaa kidogo cha kusafishia, mfano wa kalamu, anakibonyeza mpaka kinalia tik, anauchomeka waya mahali pake, kisha anaegemea ukuta na kutazama namba zinavyopanda kwenye kompyuta aliyoipakata.

"Tisa nukta nne," anasema baada ya kutoa tochi mdomoni. "Leo hakuna aliyegusa."

Emebet, mwenye umri wa miaka 31, ni fundi wa mtandao katika Ghala la Sauti, ofisi inayotunza kanda za redio za miaka arobaini: nyimbo, taarifa za mvua, maigizo, na mahojiano na wakulima ambao wengi wao wamekwisha kufa. Analipwa birr elfu kumi na nne kwa mwezi, kwa mkataba wa muda, na nusu inamezwa na kodi ya chumba kule Kotebe. Mama yake, aliyeko Debre Berhan, huwaambia majirani kwamba bintiye anatengeneza televisheni. Emebet amechoka kumsahihisha.

Ofisi ilikuwa na majengo mawili. La zamani, upande wa Arat Kilo, lilipangiwa kubomolewa, na umeme wake ulikuwa ukatwe Jumamosi. Sauti zote, terabaiti mia moja na ishirini, zilikuwa humo, kwenye seva kongwe ambayo kila mtu alijua ikizimwa haitawaka tena. Zilitakiwa kuhamia jengo jipya la Kazanchis kupitia waya wa faiba wa gigabiti kumi kwa sekunde.

Waya ukiwa mzima, hiyo ni kazi ya saa thelathini. Jumatatu Emebet alipoanza kuzihamisha, kompyuta ikamwambia itamaliza baada ya siku mia moja na ishirini na sita.

"Nilisoma mara mbili," anasema huku akicheka. "Sisi mwaka wetu una miezi kumi na mitatu, lakini hata huo mwezi wa ziada usingenisaidia."

Bosi wake, Ato Zewdu, mwenye umri wa miaka 58, hakufoka. Ni mpole mno, na upole wake unatisha kuliko kelele za wengine. Alimwita ofisini akamwambia, "Emebet mwanangu, sauti zile zikifia kule, mkataba wako mimi nitausaini kwa macho gani?"

Mkataba unaisha tarehe thelathini ya mwezi huu.

Ushauri ukaanza kumiminika, na wote ulikuwa wa bure. Mhasibu alisema ni virusi. Dereva alisema ni mvua. Mlinzi wa jengo jipya, Gashe Tessema, mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu na asiyemwogopa mtu tena, alikuja na chupa ya maji ya baraka kutoka Entoto.

"Nyunyiza mlangoni tu, Gashe," Emebet akamsihi. "Ukinyunyiza ndani, tutazikwa wote wawili, mashine na mimi."

Yeye akashika njia ya ufundi. Kwanza alizishuku diski, labda zimezeeka. Akatuma data tupu isiyotoka kwenye diski yoyote: kasi ikawa ileile ya konokono. Akabadilisha swichi. Wapi! Akapima kutoka jengo jipya kwenda la zamani: gigabiti tisa nukta nne, safi kabisa. Akapima kutoka la zamani kuja jipya: haikufika hata sehemu ya mia ya hapo.

"Kwenda unakimbia, kurudi unatambaa," anaeleza. "Faiba ina nyuzi mbili, mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Basi mgonjwa ni huu wa kurudi. Na swichi ya huku Kazanchis ilikuwa inahesabu vipande vya data vilivyofika vimeharibika, maelfu kwa maelfu. Kila kipande kikiharibika lazima kitumwe tena, na seva ikiona hivyo inapunguza mwendo yenyewe kwa woga."

Akaisafisha ncha ya uzi ule. Kasi ikarudi. Emebet akapiga kigelegele peke yake chumbani, akaanza kuhamisha, akaenda kula mchuzi wake wa shiro kwa raha.

Saa tisa na dakika kumi alasiri, kasi ikaanguka. Jumanne akasafisha tena, ikapanda. Saa tisa na dakika kumi na mbili ikaanguka tena. Na kwa kuwa programu ya seva ile kongwe haijui kuendelea pale ilipokatikia, kila siku alianza upya.

Kumbukumbu za swichi ndizo zilizomfungua macho. Zilionyesha kwamba kila siku, kabla kasi haijaanguka, waya ulikuwa umechomolewa kwa muda mfupi. Waya haujichomoi. Emebet akaamua kuvizia.

Hapa lazima tumtaje Etete Amsale, mpika kahawa wa ofisi. Kona yake ilikuwa huku Kazanchis, mle mle kwenye chumba cha seva: jiko la mkaa, jebena, lile birika jeusi la udongo la kahawa, majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni na kijiko cha ubani juu ya kaa la moto. Usiulize nani aliruhusu. Zamani chumba kile kilikuwa stoo, naye akapewa kona. Seva ndizo zilizomkuta.

Jumatano, saa tisa, ofisi nzima ilikusanyika kama kawaida kwenye vile viti vifupi. Emebet akajibanza nyuma ya kabati. Ubani ukafukizwa mpaka taa za swichi zikaonekana kama taa za gari kwenye ukungu. Baada ya kikombe cha kwanza, Ato Zewdu akainuka na kiganja cha kolo, akawa anatafuna zile shayiri za kukaangwa huku akilijongelea kabati. Akachomoa waya wa faiba. Akausogeza mdomoni. Akaupuliza, fuuu, kama mtu anayekoleza mkaa. Akaurudisha, akaupigapiga mgongoni.

"Pumzika kidogo, mwanangu," akauambia waya.

Emebet anasema moyo ulimlipuka kwa furaha, kisha ukazama. "Nimempata mwizi, kumbe mwizi ndiye mwenye kalamu ya kusaini mkataba wangu. Ningesema nini? 'Bosi, ni wewe'? Mbele ya watu? Mtu mzima?"

Akanywa kikombe cha pili akiwaza. Kisha akazima mwanga wa waya, akauchomoa, akaelekeza kwenye ncha yake kamera ndogo ya ukaguzi inayotuma picha kwenye simu. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Duara lililotakiwa kuwa jeupe lilikuwa limejaa masizi, matone ya mate na kipande cha kolo.

"Uuuwi!" Etete Amsale akashika kifua. "Masizi hayo ni ya ubani wangu?"

"Ni nusu tu, Etete."

"Na nusu nyingine?"

Mhasibu akatazama viatu vyake. Emebet akatazama jebena.

"Nusu nyingine ni pumzi za bosi," akasema Gashe Tessema, akaendelea kutafuna.

Ato Zewdu akaitazama ile picha. "Kwenye semina walituambia kitu kikigoma, chomoa, subiri, chomeka," akasema taratibu. "Kupuliza niliongeza mwenyewe."

Aliyeanza kucheka ni yeye, na hapo ndipo wengine wakapata ruhusa. Alhamisi asubuhi kabati likafungwa kufuli, na kona ya kahawa ikahamishiwa barazani. Etete Amsale alibeba jiko lake nje bila kusema neno, na Emebet alipomsalimu, akaligeukia jebena. Saa nne kamili sauti zikaanza kuhama. Zilitarajiwa kumaliza Ijumaa, saa kumi jioni.

Ijumaa, saa nane na nusu, mlinzi wa jengo la zamani akapiga simu: wakata umeme wamefika, siku moja kabla. Ato Zewdu akaongea na msimamizi wao, akabembeleza, akataja vyeo. Yule bwana akajibu kwamba karatasi yake haina saa wala cheo, ila koleo analo.

"Nilikaa chini sakafuni," Emebet anasema. "Saa moja na nusu tu ilibaki. Nikawawaza wale wakulima na maneno yao. Nililia, nisikudanganye."

Etete Amsale, aliyekuwa hajamsemesha tangu jana, akaingia, akamtazama, akauliza swali moja: "Unataka saa ngapi?" Alipojibiwa, akafunga jiko, jebena na vikombe kwenye kanga yake, akapanda teksi.

Yaliyotokea Arat Kilo tumeyapata kwa msimamizi mwenyewe, ambaye ameomba asitajwe jina. Alimkuta mama ametandaza majani mbele ya chumba cha mita, anaosha kahawa mbichi punje kwa punje.

"Mama, sisi tuna kazi."

"Nimekuzuia? Kaa, mwanangu. Umetoka wapi na baridi hii? Mama yako hajambo?"

Akakaanga. Akawapitishia moshi wanuse. Akatwanga polepole. Kikombe cha kwanza kikaja saa tisa na robo, cha pili dakika kama ishirini baadaye. Msimamizi akainuka. Etete Amsale akamtazama kwa huzuni.

"Cha tatu ndicho cha baraka. Unaniachia baraka yangu sakafuni?"

"Sasa ningefanya nini?" anauliza msimamizi. "Mimi nimezaliwa na mwanamke."

Kikombe cha tatu kilichelewa sana kuchemka. Saa kumi na dakika sita simu ya Etete Amsale ikalia. Akasikiliza, akaikata, akammiminia. "Kunywa, baba. Ukimaliza ukakate umeme wako."

Sauti zote sasa ziko Kazanchis. Ato Zewdu amesaini barua ya kumpa Emebet ajira ya kudumu, akaituma ofisi ya utumishi, ghorofa moja juu. Hii ni siku ya tisa sasa, na barua haijafika.

Emebet ameanza kupima. Kutoka kwa bosi hadi kwa katibu wake, barua ilifika siku ileile. Kutoka kwa katibu hadi masjala, siku moja. Baada ya hapo, giza.

"Terabaiti mia moja na ishirini zimevuka mji kwa saa thelathini," anasema huku akifunga kabati la seva na kutia ufunguo mfukoni. "Karatasi moja imeshindwa kupanda ngazi kumi na nane. Kesho ninakwenda kukaa palepale ngazini, tangu asubuhi, na shiro yangu. Nina mpaka tarehe thelathini."