Safari ya Rumonge Iliyofanyika Uani

Kaseti ilifika mtaani Buyenzi siku ya Jumatano, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto, pamoja na picha saba. Aliyeileta ni Huseni, binamu wa Siti mwenye kwenda Muscat kila baada ya miezi michache kufuata vitambaa. Siti hakumwuliza habari za njia wala hakumkaribisha chai. Aliifungua soksi palepale juu ya meza ya duka lake la vitambaa, kati ya mita na mkasi, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa meno ya mama yake.

Bi Nura alikuwa na pengo mbele tangu Siti hajaolewa. Miaka yote alicheka amejiziba kwa ncha ya mtandio, na watu wa mtaa walidhani ni haya. Sasa yuko pichani, amevaa koti nene la rangi ya samli, amesimama kando ya barabara isiyo na mtu, anacheka mdomo wazi, meno kamili, meupe, yamepangana. Lamya amemtilia mama meno. Siti aliitazama picha ile kama anamtazama mwizi aliyevaa gauni lake.

Lamya ni mdogo wake kwa miaka tisa. Mwaka wa pili wa vita aliondoka na mumewe Amur, fundi wa mashine, wakahangaika huku na huko mpaka Australia ikawachukua, wakatupwa kwenye mji mdogo wa wakulima. Siti yeye alibaki. Ni yeye aliyemvuta mama chini ya kitanda siku mabomu yalipoangukia mtaa wa pili. Ni yeye aliyempikia uji bila chumvi miaka minane kwa ajili ya presha. Halafu mwezi wa nne mwaka huu, 2002, Lamya akatuma tiketi na viza ya miezi sita, mama akapanda ndege kwenda kuwaona wajukuu, na mwezi wa kumi alitakiwa awe amerudi. Siti alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mama.

Baada ya alasiri alifunga duka mapema, akamwita mumewe Moosa na binti yao Fatouma, wakakaa mbele ya redio ya kaseti.

Kumbe kaseti ilirekodiwa ndani ya gari. Familia nzima ilikuwa njiani siku nne, Amur kwenye usukani, Bi Nura kiti cha mbele, Lamya na watoto watatu nyuma, wanakata mashamba ya ndani kabisa katikati ya mwezi wa saba, ambao kule ndio baridi yenyewe. Msimulizi alikuwa Bi Nura. Alisema asubuhi majani huwa meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, na mtu akipumua moshi unamtoka bila sigara. Alisema kondoo ni wengi kuliko watu. Alisema kuna wanyama wanaorukaruka kama wamefungwa miguu, na wengine wamelala wamekufa kandokando ya lami, maana usiku magari huwagonga. Walipita mji mzima wenye nyumba sita na duka moja, na mzungu mmoja mzee alimtolea kiti, akampa na chupa ya maji ya moto aipakate tumboni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeonja kitu kitamu:

"Masaa tisa tunakwenda, wanangu, na hatujakuta bariyeri hata moja. Hakuna mwanajeshi wa kuuliza karatasi. Ni kwenda tu."

Siti alirudisha nyuma, akasikiliza tena pale penye bariyeri. Akarudisha mara ya tatu.

"Mama, si umeshasikia?" Fatouma akamwambia.

"Nataka kujua kama ni maneno yake au amefundishwa."

Lililomchoma zaidi lilikuja upande wa pili wa kaseti. Watoto wa Lamya walichoka, wakaanza kulia, na bibi yao akawatuliza kwa kisa cha marehemu babu yao: siku alipompeleka Siti mdogo Rumonge, mtoto akatapika ndani ya kofia ya babake, na mzee, kwa sababu bariyeri ilikuwa mbele na kichwa wazi kwake ni aibu, karibu aivae hivyohivyo. Watoto wakaangua kicheko. Siti alisimama. Kisa kile kilikuwa chake. Lamya hakuwa hata amezaliwa. Mama alikuwa akimsimulia yeye peke yake, siku alizougua utotoni, na sasa kimegawiwa kama peremende kwa watoto wasiojua Rumonge iko upande gani wa dunia.

Mwishoni kabisa akaja Lamya mwenyewe, sauti imelainika kama mtu anayetaka kuazima. Alisema karatasi za kumwongezea Mama muda ziko tayari, bado sahihi yake tu. Mama anasitasita. Lakini kila siku anauliza, akirudi atakwenda lini kwenye kaburi la Baba kule Rumonge, na jinsi njia yake ilivyofungwa na vita, si afadhali akae tu huku atembee?

Kaseti ikalia *tak*, ikasimama.

"Kumbe ni Rumonge tu," Siti alisema. "Basi sisi tutakwenda Rumonge."

Moosa ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyapata. Alimkumbusha kwamba wiki iliyopita tu basi limechomwa kwenye njia hiyo ya kandokando ya ziwa, na watu walitambuliwa kwa viatu. Yeye na gari lake hawaendi.

"Nani amekuambia utatoka?" Siti akamjibu. "We utakaa kwenye gari. Gari litakaa uani. Mama atasikia kwenye kaseti tunakwenda."

Ndivyo Jumapili iliyofuata Pejo ya Moosa ilivyosimama katikati ya uwanja wa nyumba, injini inanguruma, imejaa watu. Moosa usukani, Siti kando yake na redio mapajani, watoto wawili wa Fatouma nyuma na sufuria ya pilau iliyopikwa kwa ajili hiyo hasa, kwa kuwa Siti hakutaka mtu aigize anakula. Fatouma alibaki nje, kazi yake ni kuegemea boneti na kulitikisa gari kila mama yake akiinua kidole, ndio mashimo ya barabara pale Kabezi. Mlangoni aliwekwa Mathilde, jirani muuza makaa, aliyekubali kuwa muuza samaki kwa sahani moja ya pilau.

Kabla Siti hajabonyeza kitufe cha kurekodia, Moosa aligeuka. "Na dua ya safari?"

Kwao gari halijapata kuondoka bila dua hiyo, hata likienda sokoni tu. Bi Nura ndiye aliyekuwa akiisoma, kwa sauti, na dereva haruhusiwi kugusa gia mpaka aseme amina.

"Dua ya safari, gari limesimama uani?" Siti alimtazama. "Na Mungu pia unataka kumdanganya?"

"Na mama yako je?"

"Mama ni wangu. Nitajuana naye."

Walianza. Siti alisimulia ziwa upande wa kulia, limetulia kama bati jipya. Alisimulia michikichi, watoto wanaopunga mikono, wanajeshi wawili wa bariyeri ambao eti walisalimu tu kwa heshima na kuinua mti. Alisema hakuna baridi ya kumkunja mtu, hapa hata mzee anasafiri na kanga moja. Aliinua kidole, Fatouma akatikisa, sufuria ikagonga mlango. Walipofika Magara, yaani Moosa alipozima injini, Mathilde akainama dirishani.

"Mama, nunua ndagala. Zimetoka mu ziwa sasa hivi, angalia, macho bado yanaona."

Siti alikuwa amempangia maneno hayo tu. Lakini Mathilde alionja kazi, ikamkolea. Alibembeleza, akanuna, akamwita Moosa bahili, akasema ana watoto sita na mume mlevi, yeye ambaye hajaolewa. Siti alimfinya mkono. Mathilde akaongeza kwamba na mume mwenyewe ana kikohozi. Ilibidi Moosa awashe injini na kumwacha akipiga kelele nyuma ya gari lisilokwenda.

Pale pilau ilipokuwa inagawiwa, kila kitu kiko sawa, mjukuu mdogo akauliza kwa sauti safi, karibu kabisa na redio:

"Bibi, tunaondoka saa ngapi?"

Ikabidi warudishe nyuma, warudie kutoka Magara. Mathilde alifurahi.

Huseni aliichukua kaseti mwisho wa mwezi. Siti alihesabu siku za Muscat, siku za posta, akaongeza tatu za uzembe wa Lamya. Asubuhi moja katika mwezi wa tisa simu ya duka ililia, na ile hewa tupu inayotangulia sauti ya mbali ikamwambia ni nani.

Bi Nura hakuanza na salamu ndefu.

"Siti. Kaseti yako nimeisikia mara mbili, tangu mwanzo mpaka mwisho. Dua sikuisikia. Mi sikulea mutoto wa kutoka nyumbani bila dua, tena kwa njia ile, tena siku hizi. Kwa hiyo ni mambo mawili: ama umeacha dini, ama gari halikwenda popote. Niambie ni lipi."

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Siti, limekaa kama pini mdomoni mwa mshonaji. Angesema tuliisoma, Mama, kabla ya kubonyeza kitufe. Maneno sita tu, na mama angeyaamini, kwa sababu alitaka kuyaamini. Hata alifungua mdomo.

Lakini Bi Nura aliendelea. Alisema kama dua ilisomwa na njia kweli imefunguka, basi karatasi za Lamya hazitii sahihi, anarudi mwezi wa kumi kama walivyoagana. Na Ijumaa ya kwanza atakwenda kwa Baba. Hatamsumbua Moosa, Moosa ana kazi zake. Atapanda basi la asubuhi peke yake, anawajua wale makonda, watampa kiti cha dirishani.

Siti aliliona basi. Aliliona limejaa, mama yake dirishani na kanga moja kama alivyomdanganya, na halafu akaona vile viatu ambavyo Moosa alivisema. Kitambaa kilikuwa kimefunguliwa mbele yake, mita tatu za mteja, akakikunja upya bila sababu.

"Gari halikwenda, Mama," alisema. "Tulikuwa uani."

"Nyote?"

"Sote. Na Mathilde."

"Yule wa ndagala ni Mathilde?"

"Ni yeye."

Bi Nura akacheka, akacheka mpaka simu ikakwaruza. Alitaka kujua nani alikuwa analitikisa gari. Alitaka kujua kama pilau nayo ilikuwa ya uongo, na Siti akaapa kwamba pilau ilikuwa ya kweli. Kicheko kilipokwisha mama aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, ile ya siku za chini ya kitanda:

"Njia ni mubaya hivyo?"

"Ni mbaya, Mama. Usiambiwe na mtu kwamba imefunguka. Hata na mimi."

"Basi nitatia sahihi. Ikifunguka nitakuja. Chumba changu usimpe mutu."

Siti alisema hatampa mtu. Alitaka kusema jambo lingine, lakini simu ilikuwa imeshachukuliwa na Lamya, na Lamya hakuwa na shukrani. Alilalamika kwamba wamemtembeza Mama kilomita elfu mbili, Amur akaomba ruhusa kazini, watoto wakapata mafua, na wiki nzima hii Mama haongei habari ya safari ile hata kidogo. Ni Rumonge asubuhi, Rumonge jioni. Amewaambia jirani kwamba safari ya kweli ni ile yenye sufuria ndani ya gari, na kwamba kwa Lamya wanasafiri na mkate wa karatasini kama wagonjwa.

"Amesemaje hapo kwenye mkate?" Siti aliuliza.

"Umenisikia, Da Siti."

"Simu inakwaruza. Rudia."

Lamya alirudia, kwa hasira, na Siti alisikiliza amefumba macho. Kisha akaanza kumpa amri: Mama asilale na soksi, hapendi; uji usitiwe chumvi hata akiomba; akikaa gari mbele afunikwe magoti, si mabega; na kile kisa cha kofia wasimchokoze akisimulie kila siku, kitachuja. Alipokuwa bado anatafuta amri nyingine, simu ilikatika.

Moosa aliingia adhuhuri kuleta funguo, akamkuta amekaa kwenye kigoda, kitambaa cha mteja kimekunjwa mara nne. Akauliza mama amesemaje.

"Anabaki kwa Lamya."

Moosa alifikiri kidogo. "Ni vizuri," alisema.

"Vizuri kwa nani?"

"Kwa Mama."

Siti alichukua mkasi akakata kitambaa pale kilipotakiwa kukatwa. Alijua mumewe anasema kweli, na siku ile nzima, kwa sababu hiyo tu, hakumsemesha tena.