Mpunga Safi wa Restuta

"Mama mkubwa, nilisema mpunga safi! Safi! Wewe umeniletea mchanganyiko!"

"Mchanganyiko wa nini? Umeona jiwe humo? Umeona kapi? Nimepepeta mpaka mabega yananiuma, halafu unanipandishia sauti mbele za watu."

Restuta alichota mpunga kwenye gunia akamsogezea Bibiana, dada wa mama yake, karibu kabisa na pua. Punje ndefu za mbegu ya Supa zilikuwa zimelala na punje fupi nene, na nyingine za rangi mbili, kama watu wasiojuana waliokutana msibani. Bibiana alizitazama, akasonya.

"Huo ni mpunga, na ni safi. Kama ulitaka wa aina moja, si ungesema aina moja? Au Kiswahili kimewaishia huko chuoni?"

Restuta alikaa juu ya gunia hilohilo. Kwa mkulima wa kijiji kama Namawala, mpunga safi ni ule uliopepetwa, hauna jiwe wala takataka. Kwa Restuta, na kwa yule mwenye duka la nafaka Dodoma aliyemwagizia mzigo, safi ni mbegu moja, punje zote za tumbo moja. Mwezi mzima alipita nyumba kwa nyumba akihubiri neno moja, watu wakaitikia amina kwa neno jingine. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa haijui imwangukie nani.

Alizaliwa mtaa wa Mlabani, Ifakara, nyumba ya nyuma ya mashine za kukoboa, enzi zile vumbi la pumba lilipokuwa likitua hadi kwenye uji. Baba yake, mpaka anafariki, alilisha mashine ya mzee Donati. Siku hizi mtaa umenyamaza. Mashine moja imegeuka banda la kuonyesha mpira, nyingine ni kanisa, nyingine wanafuga kuku. Wakati wa mavuno malori ya Fuso huingia mpaka shambani, hubeba mpunga na maganda yake, na baadaye mchele unarudi Ifakara umepakiwa kwenye viroba vyenye jina la wilaya nyingine. Tunaununua wenyewe, tena tunausifu.

Jambo hilo lilimkera Restuta tangu akiwa msichana mdogo, na chuo cha Morogoro kikaja kumwongezea maneno ya kukereka nayo. Aliporudi likizo alimwendea mzee Donati, ambaye alikuwa ameshakubaliana na Nassib, mnunuzi wa chuma chakavu, amuuzie mashine zake mbili.

"Shikamoo, baba. Usiuze. Hili bonde likikoboa lenyewe, vijana watapata kazi, mtaa utaamka."

"Marahaba. Mtaa uamke kwa mpunga upi, mwanangu?"

"Nitauleta."

"Haya. Lete gunia thelathini. Zikiuzika, mashine zinabaki. Zisipouzika, Nassib anakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Umeme wa kukobolea nakukopesha, ila nakudai."

Sasa ilikuwa Alhamisi, gunia thelathini zimejipanga ukutani, na karibu kila alilolifungua lilimchekea kwa meno ya urefu tofauti.

"Lakini kwa nini mnachanganya?" aliuliza, karibu kulia.

"Kwa sababu mto hauna ratiba," Bibiana alijibu. "Maji yakijaa, mrefu anasimama. Yakiwahi kukauka, mfupi ameshakomaa. Nikipanda mmoja nikakosa, utanilisha wewe na daftari lako?"

"Pandeni zote mbili, mama mkubwa! Ila kila mbegu na jaruba lake! Shida iko wapi?"

Bibiana alikung'uta vumbi kwenye kanga yake. Kisha akasema, "Ungeniambia hayo mwezi wa kwanza. Leo ni mwezi wa saba."

Walichambua magunia mpaka wakapata tisa ya Supa tupu, ya watu ambao, kusema kweli, walikuwa wavivu tu wa kutafuta mbegu ya pili. Ijumaa mashine moja, ile iliyo nzima, ikawashwa. Ilikohoa, ikatema panya, ikashika kasi. Yale tisa yalitoka mchele mrefu wa kunukia mpaka barabarani. Mengine, kwa kuwa mashine hukazwa kwa unene wa punje moja, yalitoka nusu chenga, punje zimevunjikavunjika. Restuta alipiga picha akamtumia yule mwenye duka wa Dodoma. Jibu likarudi upesi: nachukua tisa, hayo mengine kaleni.

Akaketi kwenye pumba, amejipaka unga wake mpaka kope. Gunia thelathini zilikuwa zimeahidiwa, na tisa hazifiki hata nusu.

Ila mlio wa mashine ulikuwa umekwenda mbali. Kabla ya adhuhuri walianza kuingia wanawake wa Mlabani na ndoo zao na viroba vyao, mpunga wa nyumbani ambao walikuwa wakiupeleka mbali kwa bodaboda.

"Donati, kumbe uko hai?" mmoja alimtania.

Wauza vitumbua wakagombania zile chenga mpaka wakasukumana. Mpaka jioni foleni haikukatika, na Donati hakupata nafasi hata ya kuvuta kiko chake.

Jumamosi Nassib alifika na gari, amevaa glovu. Restuta alisimama mlangoni, hakumzuia, maana sharti lilikuwa sharti na yeye ameshindwa. Donati alizunguka mashine zake, akapiga teke ile mbovu.

"Chukua hii. Ile nyingine iache msimu mmoja."

"Mzee, tulikubaliana mbili."

"Tulikubaliana kabla sijaona foleni."

Mashine moja, msimu mmoja. Restuta alikuwa ameota bonde zima! Alikasirika hata na furaha yake mwenyewe, jinsi ilivyokuwa ndogo.

Bado kulikuwa na deni la umeme, na fedha zote za Dodoma zilikuwa za wakulima. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwomba Donati amsubiri, Bibiana akaingia amembeba bata dume kwapani.

"Umeme wako huu hapa," alimwambia Donati. "Na mimi sijakosea. Nalipa kwa kuwa mtoto ni wetu."

Donati alimpima bata kwa mkono. "Huyu amezidi umeme."

"Kilichozidi kitakoboa mpunga wangu mwakani. Nitakuleteeni wa jaruba moja moja, na asiniambie mtu kitu."

Donati akacheka, akamfunga bata kwenye mguu wa mashine, akamwambia Restuta kuwa hadaiwi tena.