Mganga wa Kweli Haulizi

Nilipokuwa mtoto kule Chome, mganga aliyekuuliza unaumwa nini alihesabika tapeli. Hilo lilijulikana na wote, wakiwemo Walutheri waliosema hawaendi kwa waganga. Mgonjwa anafika, anakaa, ananyamaza. Mwenye kujua ndiye amwambie kilichomleta. Ukimtajia wewe, umeharibu. Dawa inabaki maji tu.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipojifungua mtoto aliyekufa siku ya tatu. Alizikwa bila maneno mengi, kama walivyozikwa watoto wa umri huo, na mama akatakiwa aendelee na kazi. Aliendelea. Alipika makande akasahau chumvi, wiki iliyofuata akasahau maharage. Alikaa mlangoni kutazama ukungu ukishuka kutoka mlima Shengena mpaka utufunike, na ukiondoka yeye anaendelea kutazama palepale.

Jirani yetu, Mama Naelijwa, ndiye pekee aliyekuja kila siku. Alikaa naye, akachambua mboga, akiondoka anaziacha mboga.

Siku moja tukiteka maji, mama aliniambia kwa sauti ya mtu anayekuagiza kiberiti dukani, "Mwanangu, siku nikilala nisiamke, usilie sana. Nimechoka tu."

Nikasema sawa, mama. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akikwambia kitu, unasema sawa.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mzee wa kanisa. Aliona mkwe wake anakauka, na alimpenda kwa namna yake, hivyo akaamua tushuke bondeni, upande wa Bendera, kwa mzee mmoja aliyesifiwa sana. Watu waliambiwa tunakwenda Same kumsalimia shangazi. Tulipofika tulimkuta mke wa mwinjilisti wetu kwenye foleni. Naye alikuwa anamsalimia shangazi. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za mashangazi, wakageukia kila mmoja upande wake.

Mimi nilichukuliwa ili nimshike mama mkono. Kabla hatujaingia, bibi aliinama mpaka nikasikia harufu ya ugoro.

"Huyu mzee haambiwi kitu. Ukifungua mdomo, umemuua mama yako."

Tukaketi mkekani. Yule mzee akatikisa kibuyu chake, akawa anataja jambo moja baada ya jingine, na kwa kila jambo bibi alipaswa kuitika "taire", yaani ndiyo, umelipata. Akasema kuna mkono wa mtu. Taire, akaitika bibi, kinyonge. Mwanamume. Taire, kinyonge zaidi. Lakini nyuma yake yupo mwanamke. Hapo bibi akanyanyuka kidogo. Si wa mbali. Taire! Sauti ilipanda, na mzee akaifuata kama anayefuata harufu ya nyama. Anaingia ndani. Haji mikono mitupu. Nilikuja kusoma chuo kikuu nisikutane na mtihani mwepesi kama ule, ambao msimamizi anakukoholea kwenye jibu sahihi.

Mwisho akampata Mama Naelijwa na mboga zake.

Mama hakuitika hata taire moja, na hakuna aliyemtazama. Mimi yale maneno ya mama ya siku tulipoteka maji nilikuwa nayo mdomoni. Nilijua yule mzee hayajui. Hakuyakaribia hata kidogo. Nikayameza, kwa sababu nilimpenda mama na sikutaka kumuua.

Mama Naelijwa akapigwa marufuku nyumbani kwetu. Alikuja mara mbili zaidi, akasimama nje, akarudi. Mama alikunywa dawa. Hakufa. Alirudi shambani, alirudi kwaya, na bibi aliisifu dawa ile mpaka anaingia kaburini. Nami sina ubishi, hakufa. Lakini mtu aliyekuwa akitaniana na sisi jikoni hatukumwona tena, na tulimzoea huyu aliyebaki.

Miaka ikapita. Nikasoma. Naweza kukuandikia kurasa ishirini juu ya ramli na udhaifu wa akili za watu, na zikapata alama nzuri. Mwaka jana mimi mwenyewe nilianza kukaa ofisini, hapa Same, nikitazama ukuta. Sikuwa na huzuni; huzuni ni kitu, ungeweza kukishika. Kaka yangu alipona ajali mbaya, nikapigiwa simu, nikasema sawa. Hilo ndilo lililonitisha, kwa kiasi nilichoweza kutishika. Nikapanda basi hadi Moshi kumwona mtaalamu wa saikolojia, dada mdogo kuliko mimi, aliyeniamkia shikamoo kabla ya kuniuliza nimeletwa na nini.

Nikamtazama. Moyoni nikasema, tapeli huyu.

Sikukusudia. Nilikaa saa nzima nikijibu hapana na ndiyo, nikisubiri anitajie. Kila alipouliza, alishuka machoni pangu. Mara ya pili nilikwenda kwa sababu tu nilishaomba ruhusa kazini, nikakaa vilevile. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Dada, kwenu ni milimani?"

Nikamwambia Chome.

"Nilidhani. Mimi sipigi ramli, dada. Usiponiambia, sijui."

Akanieleza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kupanda basi. Kwamba naruhusiwa kumuuliza amesomea wapi na anatibu kwa njia gani, naye hatakasirika. Kwamba nisemayo yanabaki pale, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini, na hapo ataniambia kwanza. Kwamba si kazi ya siku moja, na huenda nikatoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Kwamba nikiona hatuelewani nitafute mwingine, si usaliti. Kisha akauliza, waziwazi, kama nimewahi kutamani nisiamke.

Nilimjibu. Haikuwa rahisi na haikuwa nzuri kusikiliza. Sikulia. Watu wanapenda kusimulia kwamba walilia.

Mwezi uliofuata nilipanda Chome. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nikamwambia ninakokwenda, kwa sababu nimechoka na habari za shangazi.

"Huyo anafanyaje?" akauliza.

"Anauliza, mama."

"Anauliza nini?"

Nikamwambia. Akatoa jiwe, akalitupa uani. Akatoa lingine.

"Basi huyo ni mzuri," akasema. "Mimi sikuulizwa. Nilielezwa."

Sikuwa na ujasiri wowote wa pekee. Nilikaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu, nikamuuliza kama aliwahi kutamani asiamke, kwa maneno yaleyale niliyoulizwa Moshi, na nikanyamaza kama yule dada anavyonyamaza. Akauweka ungo chini.

Alianza na jina la yule mtoto. Sikuwa najua kama alikuwa nalo. Alimpa siku ya pili, kimyakimya, wakiwa wawili tu kitandani. Sisi tulikwenda hadi bondeni kutafuta jina la aliyemroga, tukalipata na kulitumia, na nyumba nzima hatukuwahi kumuuliza mama yule mtoto aliitwa nani.