Sajini Aliyekula Kwetu Kwanza

Sisi tuliosoma mtaani kwetu Panda enzi hizo, tukisikia "Garde à vous!", ile amri ya kusimama wima, hata leo, mgongo unanyooka wenyewe. Aliyetutia ugonjwa huo ni Sajini Ngoie. Kila mwaka alikuja shuleni kwetu kwa baiskeli kutufundisha gwaride la sikukuu, na kuwaeleza wakubwa wa darasa la mwisho maisha ya jeshi. Tulipangwa uwanjani kwenye vumbi jekundu, moshi wa kiwanda ukitukaba koo, mashati meupe yamepigwa pasi ya makaa, naye akipita mstari hadi mstari akikagua kucha na vifungo. Kifungo kimoja kikikosekana anakuuliza mbele ya wote, "Weye, mama yako iko mugonjwa?" Tulicheka hadi machozi, lakini jioni ile kila nyumba ilikuwa inatafuta sindano. Akimaliza alitununulia mikate ya mafuta, ya moto bado, tukala huku tunajifuta mikono kwenye soksi ili sare zisichafuke.

Watoto wetu wa leo? Waambie wasimame wima dakika tano tu. Wa kwanza anaegemea ukuta, wa pili anatafuta chaji, wa tatu anajipiga picha akipiga saluti kwa mkono wa kushoto. Hayo nayavumilia, ni utoto. Kinachonichemsha damu ni jambo jingine.

Sajini Ngoie alikuwa na daftari. Mwanafunzi aliyetaka jeshi, alimwandika jina kwa penseli. Penseli tu! Biki, kalamu ya wino, ilitoka mfukoni siku ile tu alipokwenda nyumbani kwa wazazi, akanawa mikono, akala bukari, ugali wao. Hakukubali kupewa soda mlangoni na kuondoka. Kaka yangu Kasongo alipoandikwa, mama alipika bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu, sisi wadogo tukachungulia dirishani tukihesabu matonge ya mgeni. Papa akamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, na njia yenyewe ni ndefu.

"Papa, minye nabeba mutoto yako," Sajini akajibu. "Siku habari inakuya, muzuri ao mubaya, ni minye nitaleta. Sasa lazima nijue mulango."

Akala, akashukuru, akaandika jina la Kasongo kwa biki. Pembeni akaandika nyumba yetu: ya tatu kutoka bomba, mlango wa kijani.

Miaka miwili baadaye tulimwona anakuja katika mvua, anasukuma baiskeli, kofia mkononi. Mama alijua kabla hajafika. Sajini alikaa kwenye kiti kilekile, akatuambia kwa kinywa chake kwamba Kasongo amekufa, amefia wapi, na nani alikuwa naye. Hakuondoka hadi matanga yalipokwisha. Nilimchukia mwaka mzima mzee yule. Baadaye nilipoona familia nyingine zikisikia habari za watoto wao sokoni, kwa watu wasiowajua, nikamwombea baraka.

Sasa sikilizeni ya mwaka huu. Sajini wa siku hizi alikuja shuleni kwa binti yangu Mujinga (jina la kwetu, si tusi), mwenye miaka kumi na tisa, mwaka wake wa mwisho. Alikuja na gari, spika kubwa, muziki na fulana za bure. Wakacheza, wakapiga picha, na kabla ya kengele ya mapumziko majina yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye simu yake. Mujinga akarudi nyumbani amevaa fulana.

"Mama, nilisha kuandikisha jina."

"Na shefu wa jeshi atakuya hapa siku gani?"

"Hapa? Kufanya nini?"

Simkatazi mwanangu; ana umri wake na moyo wa kaka yangu. Lakini unambebaje mtoto wa mtu kama kuku asiye na mwenyewe? Kesho yake nikaenda shuleni, nikamkuta sajini anapakia spika, nikamwalika chakula Jumapili. "Bila shida, Mama," akasema, "nitakuya." Nikapika bukari, sombe na samaki. Nikatandika kitambaa cha harusi yangu. Tulimngoja hadi bukari ikakauka. Ulikuja ujumbe kwenye simu ya Mujinga: siku, saa, na begi moja tu.

Siku ya safari, mtihani wa taifa ulipokwisha, nilimsindikiza hadi kwenye lori. Vijana walikuwa wamekwisha kupanda. Nikasimama mbele ya sajini, visigino pamoja, kidevu juu, kama nilivyofundishwa.

"Shefu! Mujinga iko na kwabo. Panda, nyumba ya tatu kutoka bomba, mulango ya kijani. Rudilia!"

Akacheka. Lori zima likacheka kusikia mama akimwamuru sajini arudie maneno. Mujinga akajifunika uso.

"Rudilia!"

Akanitazama vizuri, kicheko kikamwisha. "Nyumba ya tatu kutoka bomba," akasema polepole. "Mulango ya kijani."

"Andika."

Akatafuta simu. Nikampa biki. Akaandika kiganjani, mbele yangu, kisha lori likaondoka.

Kiganjani, jamani! Jasho la siku moja litafuta yote. Enzi zetu jeshi lilipanda baiskeli kuja kula kwa wazazi. Siku hizi mama ndiye anayekimbiza lori na biki mkononi. Nyumba hii ya baba yangu ndiyo ninayoishi hadi leo, na rangi ya mlango imebanduka. Watoto wangu wakubwa wanataka kuupaka bluu. Nimekataa, na wakinisumbua nitagombana nao. Kila Jumapili naweka sahani moja zaidi. Sajini yule akija, Mungu wangu, aje na njaa tu, si na kofia mkononi.