Niligeuka kwa Kusikia Ngoma

Polishi nyekundu ya sakafu, ile inayolainishwa kwa mafuta ya taa na kusuguliwa kwa tambara mpaka saruji ing'ae, ina harufu ambayo hadi leo hunikausha mate. Wenzangu wakiinusa hufurahi, maana kwetu Uchagani ni harufu ya sikukuu: Desemba imefika, watu wanarudi nyumbani kutoka Dar, chini ya migomba pamefagiliwa, mbuzi wananenepeshwa. Mimi nikiinusa natafuta ukuta wa kushika. Wanaosema utoto hauna hofu, ama wamesahau, ama waliona vizuri.

Tulikuwa tumepanga nyumba mjini, mtaa wa Majengo, na nyuma ya mtaa wetu palikuwa na ghala la zamani la kahawa, tupu, lenye sakafu laini ya saruji. Hapo ndipo Kaka Elia, kijana jirani aliyeuza mitumba, alipotufundisha watoto kuteleza kwa viatu vya magurudumu alivyovichambua kwenye marobota yake. Alikuwa ameona kwenye televisheni watu wakiteleza na kuzunguka juu ya barafu kwa muziki, akasema barafu yetu iko juu kileleni Kibo na haishikiki, basi tutumie saruji. Alichora mstari mweupe wa chokaa kuzunguka ghala, akawasha redio yake ya kaseti, akapaza sauti: "Macho mbele! Ukifika kwenye chokaa, geuka!" Wimbo ulikuwa mmoja tu, ngoma yake ikipiga kama mtu anayetwanga bila haraka.

Tatizo langu ni kwamba chokaa sikuiona. Niliiona ikiwa imeshafika chini ya miguu, na kwa mwenye magurudumu huko ni kuchelewa. Wala sikujua kwamba ni ugonjwa. Nilidhani dunia ya kila mtu huishia hatua chache mbele, halafu kunakuwa na ukungu. Asubuhi mawingu yalipoondoka, watoto wakishangilia, "Mlima umefunguka!", nami nilishangilia ule weupe usio na umbo, nikiamini ndio mlima. Kwa hiyo niligeuka kwa masikio. Nilijua ngoma ipi hunikuta kwenye kona ipi. Mwenda pole hajikwai: wimbo ukiwa wa taratibu, kitu kilinifikia machoni kabla hakijanifikia kwenye goti. Lakini siku Kaka Elia alipotia betri mpya, kaseti ikachangamka, wenzangu wakapiga makofi kwa raha, nami nikabamiza nguzo kwa paji la uso. "Manka, unaota?" akaniuliza. Hofu iliniingia siku hiyo na haikutoka. Nikawa mtoto wa kuombea betri zichoke.

Mwaka ule shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa anaolewa, na sherehe ilikuwa kijijini kwa Bibi, kwenye ukumbi wa parokia kule Mkuu, Rombo. Baba akaamua sisi watoto wa magurudumu tuitangulie ndafu. Ndafu ni mbuzi mzima wa kuokwa, huingizwa ukumbini amesimamishwa mezani kama yuko hai, majani mdomoni, na kwa Mchaga harusi isiyo na ndafu ni kikao tu. Tulipaswa kuizunguka sakafu mbele yake na kugeuka mbele ya viti vya wazee. Mimi niliwekwa wa kwanza, eti kwa sababu ni mtoto wa nyumba. Nilimwambia mama kwamba kule mbele sioni. Akasema nile karoti, na kwamba miwani humharibu mtoto macho, ni vitu vya walimu na wastaafu. Hakuwa na ubaya. Ndivyo watu wote walivyoambizana. Kaka Elia alitangulia Mkuu, akachora chokaa ukumbini, nene kuliko ya ghalani, nami nikajipa moyo kidogo.

Mlango ulipofunguliwa mchana wa harusi, harufu ikanipiga. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamefika alfajiri, wakakuta uchafu mweupe sakafuni, wakakasirika, wakasugua, wakapaka polishi mpaka ukumbi mzima ukawa mwekundu kama kidonda. Chokaa hakuna. "Tumewasafishia, wanetu, mteleze vizuri," mmoja wao akatuambia kwa furaha. Jamani! Na redio nayo ikawekwa kando, kwa sababu matarumbeta yalikuwa yamefika na gari lao, na mshereheshaji akasema harusi ya Mchaga haiendeshwi na kaseti. Nilimshika Kaka Elia mkono nikamwambia naogopa. "Usiogope, mdogo wangu, wimbo ni ule ule," akasema. Wimbo ulikuwa ule ule kweli, lakini mwendo haukuwa ule.

Wapigaji walianza vizuri. Kisha ndafu ikaonekana mlangoni, watu wakainuka na leso, vigelegele vikalia, na kwa kawaida yetu ndafu ikiingia ngoma hupanda. Ikapanda. Miguu yangu ikaifuata kwa sababu ndivyo ilivyozoea. Kona ya kwanza nilipita kwa bahati, ya pili kwa Mungu, na kila ngoma niliyoisubiri ilikuwa imeshapita. Mbele yangu kulikuwa na rangi nyingi, kijani na njano, nikadhani ni vitambaa vya mapambo. Halafu mapambo yakatembea. Nilijua ni mtu, sikujua ni nani. Kusimama ghafla hatukuwa tumefundishwa, na nyuma yangu meza ya ndafu ilikuwa inakuja.

Ndipo ngoma ikapungua. Yule mtu alikuwa Bibi, mama wa bibi harusi, ameinuka kuipokea ndafu kwa kucheza. Na kwetu mzee akiingia kati, wapigaji huacha mwendo wao wakafuata miguu yake. Miguu ya Bibi ilikuwa ya polepole sana, kwa kuwa macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Ngoma ikarudi kuwa ya kutwanga bila haraka, miguu yangu ikatii, na uso wake ukanijia machoni kabla kifua changu hakijamfikia. "Yeleuwi!" alilia, tukashikana, tukayumba, goti langu moja likagusa sakafu, lakini hatukuanguka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ndivyo tulivyopanga. Bibi akanivuta, mdomo wake ukawa kwenye sikio langu.

"Hukuniona," alisema, wala hakuwa anauliza.

"Sikukuona, Bibi."

"Hata mimi sikukuona. Nilisikia magurudumu."

Wiki ile ile alimwita mama. Mficha maradhi, kilio humfichua, alimwambia. Leo kilio kimetukosa kidogo tu, kesho je? Mpeleke mtoto. Mama akanipeleka hospitali mjini bila kutaja karoti tena. Siku niliyovaa miwani nilisimama barabarani nikaiona Kibo ina makorongo, ina barafu yenye kingo, nikaangua kilio, na hakikuwa cha furaha. Kitu kikubwa kiasi kile kilikuwa kimesimama juu yangu miaka yote, nami sijui.

Siku hizi nakaa Shirimatunda, mjini kule kule. Viatu vya magurudumu vinauzwa vipya dukani, muziki unatoka kwenye simu, na kasi yake betri za Kaka Elia zisingeiweza. Watoto wenye miwani wamejaa madarasani na hakuna anayewacheka. Barafu ya Kibo imepungua, naiona vizuri mno ilivyopungua. Nilidhani hofu yangu imebaki kule Mkuu na polishi yake. Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu Aika kwenye uwanja wa saruji wa shule, nikakaa pembeni nimeshika simu inayopiga wimbo wake. Anateleza vizuri kuliko nilivyokuwa mimi, nami nikajivuna kama mama yeyote. Akafika kwenye kona. Hakugeuka kwa kuuona mstari uliochorwa uwanjani. Aligeuka ngoma ilipopiga. Nikasema ni bahati. Kona iliyofuata, vile vile. Maji hufuata mkondo. Nikazima muziki.

Aika alisimama katikati ya uwanja, mikono ameitanua, kama mtu aliyezimiwa taa. "Mama, mbona umezima?" aliuliza, akiitazama nguzo ya goli iliyokuwa kushoto kwangu.

"Simama hapo hapo," nilimwambia, nikaanza kumfuata polepole, nikikanyaga kwa kishindo ili anisikie.