Ndama wa Bi Mwanaidi

Nakumbuka asubuhi moja, mwishoni mwa miaka ya themanini, ambayo ningeliweza ningeliifuta, mwanangu. Kila nikiikumbuka uso hunishuka, na hivi ninavyokuhadithia usinitazame sana.

Nilikuwa msichana wa Mji Mkongwe, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nimeajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo huko shamba. Kiburi kilinijaa kuliko akili. Tulikuwa tukichunguza namna ya kuwalisha ndama ili matumbo yao yakomae mapema. Maana ndama, mwanangu, huzaliwa tumbo lake la kucheulia bado changa kabisa. Maziwa peke yake hayalikuzi. Majani laini na pumba, kidogo kidogo, ndivyo vinavyolifundisha kazi. Ndama wenyewe tuliwaazima kwa watu wa vijijini.

Mmoja, jike mwenye paji jeupe, alikuwa wa Bi Mwanaidi, mjane wa Mangapwani. Nilimpenda mno. Wenziwe walikuwa na vitumbo vimetoka kama vya watoto wenye minyoo, na ndivyo alivyo ndama anayejifunza kula, lakini mimi nilikuwa nnaona haya. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kututembelea, nami nikataka ndama wa kuvutia macho. Basi kwa siri nikawa nnamnyima pumba na majani, nnamjaza maziwa. Aking'ara hivyo, utadhani kapakwa mafuta ya nazi! Wageni wakamsifu, na mimi kichwa kikavimba. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ulipofika wakati wa kuwaachisha maziwa, wenziwe wakaenda kwenye majani, wakala na kucheua. Yeye akayanusa, akageuka, akalia. Tumbo lake halikujua la kufanya. Akakonda mbele ya macho yangu, mbavu nje, na mimi nnaijua sababu, nimenyamaza.

Ndipo asubuhi ile Bi Mwanaidi akaja kumchukua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasimama anamtazama ndama wake.

"Kafanywa nini huyu, mwanangu?"

Wenzangu wote walikuwepo, wanasikiliza. Nikasema bila haya, "Si sisi, Bi Mwanaidi. Mbegu ya ng'ombe wako ndiyo dhaifu."

Lahaula! Hakunibishia hata neno, kwani mimi si ndiye niliyesoma? Akamfunga kamba ndama wake, akatushukuru. Mwanangu, akatushukuru! Akaenda zake.

Haukupita muda ndama akafa. Mficha maradhi, kifo humfichua. Kisha nikapata habari kuwa hata mama wa ndama yule kauzwa kwa muuza nyama, maana nani atafuga ng'ombe wa mbegu mbovu? Na maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakiwalea wajukuu mayatima wa Bi Mwanaidi.

Nikaenda Mangapwani. Nilimkuta uani anakuna nazi. Nikamwambia yote, nnalia, na nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliweka kifuu chini, akasema polepole:

"Yule ng'ombe nilikuwa nikimwita kwa jina, anakuja. Siku ile nilimchukua mwenyewe mpaka kwa muuza nyama. Hakunivuta kamba hata kidogo, alinifuata tu. Alikuwa ananiamini, kama mimi nilivyokuamini wewe."

Maneno hayo ninayo mpaka leo, na yeye keshatangulia mbele ya haki.

Basi nisikilize, mwanangu. Kiumbe mchanga, awe ndama au mtoto, mpe kinachomkomaza, usimpe kinachompamba ili wewe usifiwe. Na ukikosea, kwani utakosea, nawe si malaika, sema siku ile ile, hata kama wenzako wanasikiliza na mashavu yanakuwaka moto. Fedheha ya kusema kweli ni ya saa moja. Mimi niliikimbia hiyo, nikampa mjane aibebe yangu. Usimtwishe kosa lako mtu kwa kuwa hajui, wala kwa kuwa anakuamini. Huyo anayekuamini ndiye wa kumwogopea Mungu zaidi.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kusema "nimekosa", akukinge na sifa za uongo, na asikuonyeshe mtu akikushukuru kwa dhuluma uliyomfanyia. Amin. Nami niombee, mwanangu. Niombee sana.