Aliyesukuma Gari la Mwingereza

Juzi nilikuwa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla hapa Guangzhou, nikisubiri mzigo wangu wa kalamu ufungwe. Kando yangu mama mmoja wa Unguja alikuwa ameshika gari la kuchezea, la bati, lenye magurudumu membamba kama ya baiskeli.

"Laoban," akamwita bosi wa duka, kama tunavyowaita wote hapa, "gari gani hili?"

Bosi, mwanamke wa Kichina, akaielekeza simu yake kwenye boksi, nayo ikatafsiri kwa sauti. Aliyeunda gari lenyewe, lile la kweli, alikuwa Mwingereza wa enzi za zamani, fundi baiskeli. Injini yake ya kwanza aliiundia jikoni, majirani wakasema amerukwa na akili. Siku ya kwanza gari liligoma, mkewe akalisukuma mpaka likawaka. Baadaye akafungua kiwanda.

"Mkewe ndiye aliyesukuma?"

Simu ikamtafsiria bosi, naye akaitikia kwa kichwa, huku akisukuma hewa kwa mikono miwili.

Mama alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Papo hapo akampigia mumewe, naye fundi baiskeli.

"Baba watoto, lile dude lako la injini jikoni kwangu, nilisema nikirudi nisilikute. Basi liache, endelea nalo. Lakini mimi sisukumi!"

Kwenye spika mwanamume akashangilia kama aliyeachiwa na mahakama.

Mama akachukua katoni nzima. Nami nikajaribu gari moja juu ya kaunta. Halina betri wala ufunguo. Haliendi mpaka lisukumwe.